Muzee, Wimbo Wako Sasa Una Bwana

Muzee Sebagenzi,

Ni mimi, Profesa. Jina ulinipa wewe mwenyewe kwa kunicheka, siku uliponikuta mimi, niliyeachia shule mu deuxième, mwaka wa pili wa sekondari, ninamusahihisha pasteur Kifaransa chake mbele ya chorale nzima. Basi usigeuke huko kaburini ulikolala. Nitakupa habari kwanza. Kisha nitakukasirikia. Kisha utanikasirikia wewe, na utakuwa na haki.

Gitaa lako Mama Eugénie amelitundika ku musumari juu ya kitanda chenu, na ule waya wa breki ya baiskeli uliouweka pahali pa kamba iliyokatika bado uko, unapata kutu. Hakuna mutu anayeruhusiwa kuligusa, hata mimi, na unajua mimi ni nani. Espérance ndiye anayefundisha chorale sasa. Ndiyo, Espérance wa sauti ya pili, ule aliyekuwa anaficha kicheko ndani ya kitenge ukikosea kuhesabu. Amekuwa mukali kukupita. Anasema mimi ninaimba kama mutu anayeita wateja wa nyanya. Nimemwambia wivu ni zambi. Wale wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga, wengi wamepanda tena Masisi, magodoro ku kichwa na nyimbo zako mu mudomo.

Na "Mulima Unatuona", wimbo wako, ule wetu sote, sasa una bwana.

Si wewe. Si sisi. Kuna mutu mumoja hapa Goma, mwenye studio, mwenye viatu vya ncha, wanamwita Boss Trésor. Anasema wimbo ni wake na ana karatasi. Muzee, ana karatasi! Wewe uliyeuandika nyuma ya karto la sabuni, na karto lenyewe Mama akawashia moto wa maharagi!

Haya. Nianzie pale inapoanzia.

Unakumbuka ile video. Tulikuwa tunafanya mazoezi, kifua hakijakulaza bado, nikakuelekezea simu yangu. Ulikataa. Ukasema, "Weye Profesa, unataka kupiga picha ya kikohozi?" Lakini ukaimba. Ubeti wa kwanza, peke yako, macho umefunga, na pale katikati ukakohoa kweli, ukacheka, ukaendelea kama hakuna kitu. Ile ndiyo sauti yako peke yake tuliyobaki nayo. Nikaiweka ku mutandao. Nikaigawa pia ku simu ya kila mutu aliyepita, bure, unanijua, sikuwa ninachagua. Kisha simu yangu ikajaa, na mimi, kichwa kikubwa, nikaifuta, nikisema mutandao unatunza vizuri kupita mufuko wangu.

Toka ulipoenda, kila asubui akimaliza kufagia, Mama Eugénie alikuwa anakuja kwetu na ufagio bado mukononi. Hasalimii. Anasema tu, "Profesa, nifungulie muzee." Ninakufungulia. Anakusikiliza amesimama. Ukifika ku kikohozi anatabasamu, anasema "Mukaidi," anaenda zake.

Asubui moja nikafungua. Ukatokea. Vidole vinakimbia ku kamba, kifua kinapanda, mudomo unafunguka. Kimya. Kama samaki ndani ya beseni. Chini kuna mustari wa Kifaransa: sauti imeondolewa, mwenye haki ya wimbo ameomba.

Mama akauliza, "Simu imekufa?"

Nikasema, "Ni réseau, Mama. Itarudi."

Unajua Goma. Hapa réseau, mutandao wa simu, inabeba zambi za kila mutu. Akarudi kesho yake. "Réseau imerudi?" Bado, Mama. Na kesho kutwa. Na juma lililofuata. Niliowauliza hapa mutaani nao walikuwa wameifuta. Na bado alikuwa anataka nikufungulie hivyo hivyo, bila sauti, halafu anaweka sikio ku simu, Muzee. Anaweka sikio ku simu isiyosema kitu, kama mutu anayesikiliza ukuta. Mimi nimedanganya watu wengi mu maisha yangu, sitakuficha, lakini ule uongo ulinilemea.

Kwa sababu nilijua. Niliposoma ule mustari tu nilijua. Ngoja niseme mara moja.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga yako. Watu wamejaa ndani ya lupango, uwanja wote wa nyumba yenu, viti vya plastiki mpaka njiani. Boss Trésor akaingia na makarto mawili ya sucré, soda za chupa, akalia vizuri, tena machozi ya kweli, sitamusingizia. Akaketi karibu na Mama Eugénie. Akasema, "Mama, nyimbo za muzee zitaibiwa. Dunia ya sasa ni ya wezi. Tuzilinde." Akatoa karatasi. Kurasa ine, maandishi madogo kama chawa, Kifaransa cha tribinali.

Mama akaishika kama mutu anayeshika sahani ya moto. Akageuka, mbele ya wajomba wote waliotoka Masisi, mbele ya Espérance, mbele ya pasteur. Akasema, "Mutafute Profesa. Yeye alisoma."

Wote wakaniangalia, Muzee. Wote! Ungekuwa wewe ungefanya nini? Hapana, usijibu.

Nikavuta kiti. Nikaweka kidole ku mustari wa kwanza na nikakitembeza chini pole pole, kama wanavyofanya wasomi. Kidole kilifika mwisho wa kurasa ya ine. Macho yalibakia ku mustari wa tatu. Nikakohoa kidogo, kama directeur wa shule. Nikasema, "Mama, inasema watalinda nyimbo." Nikasinya jina langu pale walipoandika muwakilishi wa chorale, ile sinyatire yangu ya mikia miwili. Mama akaweka kidole gumba. Wajomba wakapiga makofi. Sucré ikafunguliwa. Mimi nilikunywa mbili.

Basi ndivyo ilivyo. Si mwizi aliyevunja mulango. Ni mimi niliyefungua, nikamupa na kiti.

Lakini ngoja, sasa zamu yako. Kwa sababu na wewe umenichosha!

Nilikuambia mara ngapi, Muzee, andika jina lako! Andika "Sebagenzi" hata ku kona ya karto! Ukawa unasema, "Nikiandika jina, watu wataogopa kugusa." Ulishuka kutoka Masisi bila hata ng'ombe mumoja, vita vimekula wote, lakini akili yako ilibakia ya muchungaji. Kwako wimbo ulikuwa ng'ombe. Kule kwenu mutu akikugabira ng'ombe, akikupa bure, hadai kitu; ila siku ng'ombe akizaa, wewe unakumbuka, unamurudishia ndama mumoja. Na wewe ukawa unagabira nyimbo. Chorale ikija kututembelea, unawapa "Mulima Unatuona" waende nayo, na deni ni moja tu: wakirudi, wasimame ku mulango wa lupango, waimbe ubeti walioongeza wao, wa kwao. Ndama. Na sisi lazima tuitike papo hapo, tuupokee. Kuacha ndama ya watu imesimama inje ilikuwa kwako aibu kupita kulala njaa.

Ndivyo wimbo ulivyokuwa mukubwa. Wavuvi wa Vitshumbi wakaleta, "Kiboko akipindua mutumbwi, jina letu linaelea." Wa Mugunga wakaleta, "Hema tulipewa, magoti ni yetu." Na ubeti wa Mabanga, hapa hapa mutaani kwetu ku mawe ya volkano, ni nani aliyeutunga? "Tumejenga ku jiwe lililokuwa moto, nani atatutisha na moshi?" Mimi! Ukasema, "Hii ndama inajisifu kama baba yake. Muiache." Hauwezi kujua vile nililala vizuri siku ile.

Sasa usikie alichofanya Boss. Ametoa wimbo kwa piano ya umeme na musichana mumoja wa sauti nyembamba. Ubeti wako wa kwanza, mara ine. Ule ule, mara ine! Kiboko hakuna. Magoti hakuna. Moshi hakuna. Amebakisha ng'ombe akachinja ndama wote. Na akaandikia chorale barua: kuimba "Mulima Unatuona" mbele ya watu, ku ndoa ama ku matanga, kunaomba ruhusa ya studio. Ruhusa. Espérance alipotusomea hiyo barua, pasteur alicheka, akidhani tunafanya teatre.

Nikaenda ku studio. Nilivaa shati nyeupe. Nilikuwa nimejipanga, ningemukata maneno yule mutu vipande vipande. Nikamwambia, "Boss, wimbo hauna uzio. Wimbo ni wa watu."

Hakukasirika hata kidogo, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Akanivutia kiti. Akasema, "Mudogo wangu, wimbo wa watu. Sawa. Hao watu waliimba nyimbo za muzee huyo miaka yote. Nani alimununulia hata kamba moja ya gitaa?"



Mimi, Muzee! Nilinyamaza kama video yako. Nilikuwa ninaona ule waya wa breki. Nilikuwa ninaona ndoa zote walikocheza wimbo wako mpaka vumbi likapanda, na wewe nyumbani, na kifua chako, unakunywa maji ya moto na tangawizi. Ndama tulileta, ndiyo. Nyasi hatukuleta. Yule mutu wa viatu vya ncha alisema neno la kweli, na ninamuchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Lakini nikajikusanya. Nikasema, "Basi toka uchukue wimbo, Mama Eugénie umemuletea nini?" Akajibu, "Mambo ya sheria yanaenda pole pole." Hapo nikaelewa kwamba nyasi zake pia zinaota mahali pengine. Nikamuomba kitu kimoja: arudishe sauti ku ile video tu. Mujane asikie bwana yake. Akasema hawezi kufungua moja, kila mutu atakuja na mujane wake. Na nilipoanza kupandisha sauti, akafungua droo, akaniwekea ile karatasi mbele ya macho, kidole ku mikia yangu miwili. "Si ni wewe uliyesoma?"

Nilirudi kwa miguu mpaka Mabanga. Sikuona hata njia.

Basi, Posho, Jumamosi iliyopita, tumemaliza matanga yako. Lupango tulifagia mpaka mawe meusi yakang'aa. Chorale ilikuwa imeamua: tutaimba nyimbo za kitabu, "Mulima" hapana, hatutaki kesi ku siku ya muzee. Espérance alisema hivyo bila kuniangalia. Na Boss Trésor alikuwa mugeni wa heshima, kiti cha mbele, kwa sababu Mama Eugénie hakujua kitu. Kwake Boss bado ni yule mutu aliyelia vizuri.

Tuko pale, tumeanza sala, tunasikia sauti ku mulango.

Wamama wa Vitshumbi. Watano, wamesafiri na njia yote ile, vitenge vinanuka samaki wa moshi, mbele yao yule Mama Kavira anayeuza tilapia, munene, sauti kama trompete. Hakuna mutu aliyekuwa amewaambia habari ya karatasi. Wamesimama inje ya mulango kama ulivyowafundisha, wanaimba "Mulima Unatuona" na ubeti mupya, wa kwako wewe: "Mwenye ng'ombe amevuka, kengele inasikika." Wanamaliza. Wanangoja tuitike.

Sisi kimya.

Wakarudia. Sisi kimya. Muzee, watu arobaini wanaangalia viatu vyao. Mutoto mumoja tu akaanza kuitika, mama yake akamuziba mudomo na mukono. Mama Kavira akasema kwa nguvu, "Hee! Kuna nini? Munaacha ndama yetu ku jua?"

Mama Eugénie akasimama, anauliza chorale, "Mbona hamuitiki? Munamuaibisha muzee wangu ku siku yake?"

Na mimi nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema yote. Nikasema, "Mama, ile karatasi sikuisoma. Nilisoma mistari mitatu. Niliona haya mbele ya watu. Kwa ile karatasi wimbo si wetu tena, na sauti ya muzee ku simu ni wao waliitoa. Haikuwa réseau." Kifaransa chote kilinikimbia. Machozi yakatoka, makubwa, ya aibu, na pua pia, na Espérance aliona yote, atanikumbusha mpaka uzee.

Mama akanigeukia. Akasema pole pole, "Kwa hiyo haikuwa réseau." Ni hiyo tu. Angenipiga ningepona.

Pale ku mulango Mama Kavira akauliza, "Sauti gani imepotea? Sauti ya Sebagenzi?" Akaingiza mukono ndani ya kitenge, akatoa simu, ya zamani, imefungwa na kipande cha mupira wa gurudumu. "Mbona iko hapa? Kule kwetu kila mutu yuko nayo. Mimi nilipewa na kijana anayeshona nyavu, yeye alipewa na shofere wa samaki." Shofere wa samaki, Muzee! Yule nilimupa mimi, bure, akingoja gari litengenezwe. Ile sauti niliyoifuta kwa kiburi ilikuwa inatembea mukono kwa mukono mpaka ku Ziwa Edouard, inakaa ndani ya visimu vya watu nisiowajua, inaningoja.

Akabonyeza.

Ukaimba. Sauti yako ikatoka ndogo, na makelele ya nyavu na upepo, lakini ni wewe. Mama Eugénie akaenda mpaka pale, akashika ule mukono wa Mama Kavira pamoja na simu, akauvuta ku shavu lake. Ukafika ku kikohozi. Ukakohoa.

Na akacheka. Mama Eugénie, toka ulipoenda, sijamusikia akicheka. Akasema "Mukaidi," na ile ni kama alifungua mulango na teke, chorale nzima ikaitika, sauti ya kwanza, ya pili, wajomba ambao hawajui kuimba, pasteur, wote. Tukapokea ndama ya Vitshumbi. Tukaimba magoti. Tukaimba moshi, na mimi niliimba kama mutu anayeita wateja wa nyanya, na sikuona haya.

Boss Trésor hakusimama. Alikuwa ametoa simu yake, anatushika video. Niliona mudomo wake ukitembea na maneno, lakini sitamuhesabia, pengine alikuwa anatafuna.

Barua yake imefika jana. Alhamisi tunaitwa ku ofisi ya studio, chorale na Mama. Tumevunja haki, inasema. Safari hii nimeisoma yote, mara tatu, na pahali sikuelewa nilimupelekea mwalimu wa zamani, nikamwambia wazi, "Hapa sijui." Hakuna mutu aliyekufa. Mwalimu amesema karatasi ya Boss ina shimo: Mama hakuweza kutoa mabeti ya Vitshumbi wala ya Mugunga, kwa sababu hayakuwa yake. Amesema pia shimo dogo si mulango, tusicheze mapema. Mama Eugénie anasema anaenda kudai kidole chake. "Nilikiweka, watanirudishia." Ninamuogopea Boss.

Na mimi leo niko ninaandika liste. Kila ubeti, waliouleta, wanatoka wapi. Juu kabisa nimeandika jina lako, kubwa. Najua hukupenda. Nisamehe, lakini ulikosea: jina halifukuzi watu, linafukuza wezi. Chini yake nimeandika sheria yetu, na Espérance amesahihisha herufi:

"Wimbo huu umetoka kwa Sebagenzi wa Masisi. Kila mutu auimbe, aufundishe, auchukue ku simu, aongeze ubeti. Ubeti aliouongeza ni wake, lakini asifunge mulango nyuma yake. Na akishiba kwa wimbo huu, apite kwa Mama Eugénie na nyasi."

Espérance aliuliza, "Nyasi? Mama anakula nyasi?" Watu wa sauti ya pili, Muzee, ni kuwavumilia tu.

Ubeti wangu nimeuweka wa pili, nyuma ya wako. Mutu wa liste ndiye anayeamua.

Basi kwaheri, Muzee wangu. Sijui Alhamisi watatujibu nini. Pengine watatufunga midomo, pengine watatuambia turudi kesho kutwa. Ila ninakuahidi hivi. Nyasi za kwanza ni zangu, Mama atazipata, na sitatangaza. Na wimbo nitaugabira kila nitakayekutana naye, mpaka kuwe na mutoto mahali fulani, nisipopajua, asiyejua mimi wala wewe, anachunga mbuzi wake huku anauimba vibaya, anachanganya kiboko na moshi, na hakuna mutu anayemuziba mudomo.

Profesa